Cheki, Rafiki: Mkuku wa Yoti Ukaguliwe Kabla Pesa Hazijatoka

Mwanzoni mwa Mei 2014, boti ya matanga iitwayo Cheeki Rafiki iling'oa nanga kisiwani Antigua, bahari ya Karibi, kuelekea Southampton, Uingereza. Ndani yake mlikuwa na watu wanne. Ilikuwa boti ya faiba, urefu wa mita 12 hivi, na umri wake haukufika hata miaka 10. Tarehe 15 mabaharia walituma habari kwamba maji yanaingia chomboni na hawajajua yanatokea wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 16 mawasiliano yakakatika, zaidi ya maili 700 kutoka pwani ya Kanada. Siku kadhaa baadaye manowari ya Marekani ikakikuta chombo kikielea kimepinduka, tumbo juu. Mkuku wake haukuwepo. Chelezo cha mpira cha kujiokolea kilikuwa bado kimefungwa mahali pake. Wale wanne hawakuonekana tena.

Kwa sikio la mtu wa Mombasa, jina la chombo kile ni kama wasia: cheki, rafiki. Tazama vizuri. Sileti habari hii kwa mzaha, maana msiba wa baharini ni msiba wa kila mtu wa baharini. Naileta kwa sababu vyombo vya aina ile tunavyo hapa kwetu. Pita Kilifi, pita Mtwapa, utaziona yoti zimefungwa kwenye maboya. Nyingine wenyewe wamezeeka, wengine wamerudi makwao, na boti inauzwa kwa bei ya kumtia mtu tamaa. Kijana aliyekusanya akiba yake ili abebe wageni, au ndugu watatu waliochanga, wanaiona rangi nyeupe, wanaiona injini inawaka, wanalipa. Kilicho chini ya maji hakuna aliyekiuliza.

Makala haya ni ya mtu huyo. Yanaeleza mkuku wa yoti unavyoshikiliwa, unavyoharibika, na namna ya kuukagua kabla hujatoa hata shilingi ya rubuni.

Mkuku wetu na mkuku wao

Sisi tumelelewa na vyombo vya mbao. Matondoni au kwengineko Lamu, fundi akianza chombo huanza na mkuku. Gogo linalazwa chini, fashini zinasimamishwa, kisha mbao na mataruma hufuata. Chombo kizima kimeota juu ya mkuku kama mwili juu ya uti wa mgongo. Hakuna siku utasikia mkuku wa jahazi umedondoka baharini na jahazi likabaki. Ukienda mkuku, chombo chote kimekwenda.

Na kinachokizuia chombo chetu kisipinduke si mkuku peke yake. Kuna farumi, yaani mawe au magunia ya mchanga yanayowekwa chini ndani, kuna shehena, na kuna mabaharia wenyewe wanaohamia upande wa upepo.

Yoti nyingi za siku hizi hazikujengwa hivyo. Mwili hufinyangwa kwa faiba ndani ya kalibu, ukatoka kama bakuli. Mkuku huundwa mbali, ni pezi zito la risasi au la chuma cha kumimina. Mwishoni pezi hilo huinuliwa, likapakwa gundi ya kuzuia maji, likafungwa chini ya bakuli kwa bolti zinazotokeza ndani ya ngama na kukazwa kwa nati. Kwa hiyo katika yoti, mkuku na farumi ni kitu kimoja, na kitu hicho kinaning'inia.

Uzito wake si mchezo. Katika boti ya tani 5, mkuku huweza kuwa na tani moja na nusu hadi mbili, sawa na pikapu nzima iliyofungwa chini ya chombo kwa bolti chache zenye unene wa kidole gumba au kuzidi kidogo. Chombo kikilala kwa upepo, uzito huo unavuta upande mmoja. Kikigeuza tanga, unavuta upande wa pili. Hivyo ndivyo kila safari, maelfu kwa maelfu ya mivuto. Ukikatika, mlingoti na matanga hubaki juu bila cha kuyapinga, na chombo hupinduka kwa muda mfupi sana, pengine kabla aliyelala chini hajapata ngazi.

Vitu vitatu vinavyoudhuru

Cha kwanza ni mwamba. Pwani yetu imezungukwa na miamba ya matumbawe na mafungu ya mchanga, na kuingia bandarini ni kupita mlangoni. Yoti iliyokaa hapa miaka mingi bila kugusa chini ni ya kustaajabiwa. Pezi likigonga mwamba kwa mbele, ncha ya chini husimama ghafla na mwili unataka kuendelea. Hapo mkuku hujipinda kwenye maungo yake: sehemu ya mbele huvutwa chini kutoka kwenye mwili, na sehemu ya nyuma husukumwa juu kuingia ndani ya faiba. Shika hilo akilini, kwani ndilo litakuonyesha pa kutazama.

Ofisi ya Uingereza ya kuchunguza ajali za vyombo vya baharini, MAIB, ilitoa ripoti ya Cheeki Rafiki mwaka 2015. Chombo chenyewe hakikuletwa pwani, kwa hiyo wachunguzi hawakuweza kukata shauri kwa yakini. Lakini waliona kuwa kilikuwa kimegusa chini zaidi ya mara moja katika maisha yake na kufanyiwa matengenezo, na kwamba huenda mambo hayo kwa pamoja yaliudhoofisha mshikamano wa mkuku na mwili. Walionya pia kwamba hata mguso unaoitwa mdogo unaweza kuacha jeraha lisiloonekana.

Cha pili ni maji ya chumvi. Watu hudhani chuma kisichoshika kutu hakili kabisa. Si kweli. Chuma kile hujilinda kwa ngozi nyembamba inayohitaji hewa. Kikizama kwenye unyevu wa chumvi usiotembea na usio na hewa, kama ule unaonaswa kati ya mkuku na mwili, ngozi hiyo hufa na kutu huanza kutafuna ndani kwa ndani. Ndiyo maana bolti yaweza kuwa na kichwa kinachong'aa ndani ya ngama, na huku kiunoni, pale mwili unapokutana na mkuku, imekonda mpaka kubaki nusu.

Cha tatu ni fundi. Boti iliyogonga ikatengenezwa vizuri haina neno. Boti iliyogonga ikazibwa kwa filla, ile wanayotumia mafundi wa bodi za magari, na kupakwa rangi juu, hiyo imefichwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema upake rangi juu ya ufa.

Hatua ya kwanza: maswali

Anza na mdomo kabla ya nyundo. Muulize muuzaji, mbele ya shahidi ikiwezekana: Boti hii imepata kugusa chini? Wapi, lini, na kwa kasi gani? Nani aliitengeneza? Bolti za mkuku zilikaguliwa au kubadilishwa mara ya mwisho mwaka gani? Mkuku umewahi kuteremshwa?

Omba karatasi: daftari la safari, risiti za matengenezo, ripoti ya mkaguzi wa zamani, madai ya bima kama yapo. Mwenye chombo anayekitunza huwa na faili. Asiye na karatasi si lazima awe mwongo, lakini neno lake peke yake haliwezi kushikilia tani mbili. Na anayejibu kwa hasira swali la mkuku amekwisha kukujibu.

Cheti cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ni cha lazima kukiuliza, hasa ukitaka kubeba abiria kwa nauli. Lakini usichanganye mambo. Kuwa chombo kina karatasi halali hakumaanishi kwamba kuna mtu aliyechomoa bolti akazitazama.

Hatua ya pili: ndani ya ngama

Inua mbao za sakafu, zote. Kilichozibwa kwa kabati au zulia kiombewe ruhusa kifunguliwe. Kama ngama ina maji, chovya kidole uonje. Maji matamu ni ya mvua au ya tangi. Maji ya chumvi yana njia kadhaa za kuingilia, kama shafti ya injini na vali za chini, na bolti za mkuku ni mojawapo. Kausha kabisa, kisha nyunyiza unga au chaki kuzunguka kila nati. Rudi baada ya safari fupi utazame unga ulipolowa.

Tazama nati na washa zake. Michirizi ya kutu ya rangi ya chai kuzunguka nati ni dalili kwamba maji yanapanda kupitia tundu la bolti. Washa ndogo zilizozama ndani ya faiba zinaonyesha kwamba faiba imepondeka. Bamba pana chini ya nati ni jambo jema, kwa kuwa linagawa mzigo.

Kisha tazama mataruma. Ndani ya yoti nyingi mna fremu ya faiba yenye miraba, nayo kazi yake ni ileile ya mataruma ya mashua: kuchukua mzigo wa mkuku na kuutawanya. Katika boti nyingine fremu hiyo imefinyangwa peke yake na kugandishwa kwenye mwili kwa gundi tu. Gundi ikiachia, huoni kwa jicho, maana fremu imekaa pale pale. Hapa ndipo nyundo ndogo ya plastiki inapofaa, au hata mpini wa bisibisi. Gonga kama unavyogonga chungu sokoni. Palipo pazima pana mlio mkavu, mkali. Palipoachia pana mlio bubu. Weka alama kwa chaki kila mahali mlio unapobadilika.

Usisahau sehemu ya nyuma ya mkuku. Tumeona kuwa chombo kikigonga, nyuma husukumwa juu. Nyufa za faiba, mataruma yaliyopasuka au rangi mpya kuliko ya jirani yake mahali hapo ni ushahidi mzito kuliko maneno ya muuzaji.

Hatua ya tatu: chombo kikiwa nje ya maji

Hapa pana kosa ambalo sisi watu wa pwani ni wepesi kulifanya. Tumezoea kungoja bamvua, maji yakajaa, tukakisogeza chombo ufukweni, na yakipwa kikakaa mchangani kimeegemea gadi. Kwa mashua ya mbao ni ukaguzi mzuri. Kwa yoti ya mkuku wa kufungwa, chombo kikikalia mkuku wake, uzito wote wa mwili unaugandamiza ufa na kuufumba. Utauona mwungano umetulia, ukaondoka umefurahi, na ufa upo.

Mkuku hukaguliwa vizuri chombo kikiwa kinaning'inia kwenye mikanda ya kreni au ya toroli la kunyanyulia, kwa sababu hapo ndipo tani zile mbili zinapovuta chini kama zinavyovuta baharini. Simama kando, kamwe usipite chini ya chombo kilichoning'inia, na utazame mwungano wa mkuku na mwili kuanzia mbele. Ufa unaofunguka mbele una jina lake. Mabaharia wa nchi nyingine huuita tabasamu, kwa jinsi unavyopinda kama mdomo. Kisha waombe wakishushe taratibu mpaka mkuku uguse chini, na macho yako yasiondoke pale. Ufa uliofunguka kikining'inia na kufumba kikitua ni mkuku unaocheza.

Ufa mwembamba wa rangi peke yake haujawa hukumu. Risasi, chuma na faiba havitanuki sawa kwa joto, na rangi kwenye mwungano huweza kupasuka hivi hivi. Kinachotofautisha ni mambo matatu: je, ufa unafunguka na kufumba? Je, unavuja maji yenye kutu hata siku mbili tatu baada ya chombo kupandishwa? Je, ndani ya ngama, mkabala wake, pana dalili yoyote? Ukipata hata moja, simamisha mazungumzo ya bei kwanza.

Kabla hakijashushwa kabisa, kikiwa kimeshikwa imara na mwenye kreni akiwa ameridhia, mtu mmoja au wawili wausukume mkuku kwa ncha yake ya chini, kushoto na kulia, huku mwingine akiweka kidole kwenye mwungano. Mwili wote wa chombo unaweza kuyumba pamoja na mkuku, hilo si kitu. Mkuku ukienda na mwili ukabaki, umekwisha kupata jibu.

Papasa pia ncha ya mbele na ya chini ya pezi. Mabonde, mikwaruzo mirefu na filla vinakusimulia habari za miamba ambayo muuzaji ameisahau.

Hatua ya nne: bolti zenyewe

Spana ya kupimia nguvu itakuambia kama nati zimekazwa kwa kiwango alichoweka mtengenezaji. Kiwango hicho hutofautiana kwa kila boti, kwa hiyo kitafutwe kwenye kitabu chake. Usikaze kwa ubabe, unaweza kukata bolti iliyokonda au kuponda faiba. Nati inayozunguka bila kushika ni habari mbaya kabisa.

Lakini spana haioni kiunoni. Njia ya uhakika ni kuchomoa bolti moja au mbili, hasa zile zenye michirizi ya kutu, na kuzitazama. Katika mikuku mingi ya chuma hilo linawezekana. Katika mingi ya risasi haliwezekani, kwa kuwa bolti zimepindwa chini kama ndoana na risasi ikamiminwa juu yake. Hapo kinachobaki ni kupima kwa mawimbi ya sauti, kipimo chenye manufaa lakini kinachoweza kukosa bolti iliyokonda, au kuuteremsha mkuku mzima. Kuuteremsha ni gharama ya kreni, ya fundi, ya gundi na ya siku kadhaa karakanani. Boti ikiwa na umri wa miaka 20 au 30 na hakuna kumbukumbu ya kazi hiyo, ihesabu kama sehemu ya bei ya kununulia. Mwambie muuzaji waziwazi, mkapunguziane.

Mikuku ya aina nyingine

Si kila yoti ina bolti. Ziko zenye mkuku mrefu uliofinyangwa pamoja na mwili, na risasi au chuma kikatiwa ndani kama farumi ya kudumu. Hizo hazidondoshi mkuku kwa namna ile, lakini mwamba ukitoboa ganda la chini, maji huingia. Chuma kikilowa huvimba kwa kutu na kupasua faiba kutoka ndani. Gonga sehemu ya chini yote, utafute uvimbe na maji yanayochuruzika.

Ziko za mikuku miwili pembeni, ambazo hukaa wima zenyewe maji yakipwa, na kwa hori zetu hilo ni jambo la raha. Lakini kila kukaa na kuinuka mchangani huitingisha mikuku ile kwa upande, basi kagua maungo yote mawili. Na ziko za mkuku wa kupandisha na kushusha. Hizo zina pini, kamba ya waya na kisanduku chake, na kila kimoja ni cha kutazamwa.

Nani akague, na umlipe nani

Mkaguzi awe wako, umlipe wewe, asiwe rafiki wa muuzaji wala dalali anayengoja asilimia yake. Fundi wa mashua mwenye jina zuri ana jicho la thamani, lakini muulize kwanza kama amewahi kufungua mkuku wa bolti. Kazi ya mbao na kazi ya faiba ni elimu mbili. Kwenye makubaliano ya kununua mwandike kwamba rubuni itarudi endapo ukaguzi wa nje ya maji utaonyesha kasoro ya mkuku, ya mwili au ya mlingoti. Muuzaji akikataa boti isinyanyuliwe kwa gharama yako wewe, msalimie, ondoka. Yoti ziko nyingi.

Ukishanunua

Kila boti ikigusa chini, hata mchangani, iandike tarehe na ukague ngama siku ile ile. Kila mwaka ikipandishwa kupakwa rangi, itazame ikiwa bado inaning'inia. Na ukiwa baharini, ukaona maji ya chumvi ngamani yasiyo na asili, au ukasikia mgoto chini chombo kikilala upande wa pili, usibishane na nafsi. Punguza tanga, toa habari kwa redio na utaje mahali ulipo, wavike watu wote maboya, toa chelezo kiwe tayari kurushwa, elekea bandari iliyo karibu.

Mwaka 1985 boti ya mashindano Drum, ya mwimbaji Simon Le Bon, ilivunjikiwa mkuku katika mbio za Fastnet na kupinduka karibu na pwani ya Uingereza. Waliokuwemo waliokolewa wote, kwani helikopta ilikuwa karibu. Sisi tunaovuka kwenda Pemba au kupanda Lamu na kusi tujiulize msaada utatufikia baada ya saa ngapi.

Ya kubeba mfukoni

Siku ya kwenda kutazama boti chukua tochi, nyundo ndogo, chaki, kitambaa kikavu na kioo kidogo cha kuchungulia. Uliza habari za miamba. Onja maji ya ngama. Gonga mataruma. Tazama nyuma ya mkuku kwa ndani na mbele yake kwa nje. Itazame boti ikiwa inaning'inia, kisha ikitua. Dai bolti ichomolewe, au bei ishuke kwa gharama ya kuuteremsha mkuku. Na kama moyo bado una shaka, acha. Akiba iliyobaki benki itanunua boti nyingine. Watu wa kuwapandisha humo, mkeo na wanao, hawanunuliwi.